Jogoo la Mama Mkwe

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Hawakuwahi kuliona la Nkwabi. Lilitoka Kisesa kwa mama yake, miguu imefungwa kamba, na alfajiri ya pili likaamsha nusu ya mtaa wa Nyakato. Wiki haijaisha, likaanza kupiga watu.

Lilimpiga muuza maji, likampiga jirani aliyekuja kuomba chumvi. Selina, mke wa Nkwabi, hakuthubutu kwenda bandani kuokota mayai bila ufagio mkononi. Nkwabi akirudi kutoka kiwandani alikaa kwenye kigoda akacheka mpaka machozi. "Hilo ndilo dume!" Alilimwagia pumba kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kummenyea mwanawe hata kipande cha muwa.

"Baba Gladness, tulichinje," Selina alimwambia, tena na tena.

"Mama ametoa mbegu, wewe unataka supu? Kulichinja ni kumtukana mama."

Hapo Selina alinywea. Zawadi ya mkwe haihojiwi, ndivyo alivyolelewa: kwa mama mkwe unapiga goti, unaamkia, unashukuru, basi. Kila Jumapili baada ya ibada waliongea kwenye simu, wakaulizana habari za mvua na mihogo, na la jogoo halikumtoka mdomoni.

Kisha siku moja Gladness, mtoto wa miaka minne, alitoka ndani akaenda uani na kiporo cha ugali mkononi. Selina alikuwa upande wa pili akianika dagaa. Alisikia yowe, akakimbia, akakuta jogoo limempanda mtoto usoni. Hospitali walishona kope. Jicho lenyewe, daktari alisema, halitaona tena.

"Atakuwa alilichokoza," Nkwabi alisema, akalifungia jogoo kwenye tenga. Kulichinja, hakulichinja.

Bibi Sabina, mama yake, alipopata habari alifunga safari akaja. Safari hii Selina hakumuomba mtu ruhusa. Mgeni huchinjiwa, na nyumba yake ilikuwa na mgeni. Alinoa kisu, akalitoa jogoo kwenye tenga, akamaliza kazi. Saa ya kula ilipofika alitenga chungu mbele ya mkwewe, akapiga goti.

"Mama, unisamehe. Ni lile jogoo lako la mbegu."

"Mbegu gani, mwanangu?" Bibi Sabina alishangaa. Akapandisha kanga, akaonyesha kovu kwenye muundi. "Jogoo hili ndilo lililonichana mimi. Nilimwambia Nkwabi, likifika tu, mlichinje mle. Hakukwambia?"

Selina alimgeukia mumewe. Nkwabi aliinamia sahani yake.

"Lakini mama, lilikuwa jogoo zuri," alisema.

Selina alimchukia siku ile, na hakuficha. Ila uchungu mkubwa zaidi ulikuwa juu ya nafsi yake: Jumapili zote zile, simu iko sikioni, swali moja tu, naye anauliza habari za mihogo.

Bibi Sabina aliingiza upawa chunguni, akatafuta firigisi. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, mila haina mjadala. Nkwabi alisogeza sahani. Mama yake akampita, akaiweka kwenye sahani ya Gladness.

"Kula, mjukuu wangu."

Gladness alilenga kwa jicho lake moja, akanyoosha mkono, vidole vikagusa mkeka. Akajaribu tena, vikagusa ukingo wa sahani. Akacheka, akidhani bibi anacheza naye.