Mwaliko wa Pili

Taa za nyuma za gari la Brenna zilikuwa nyekundu juu ya theluji, zikawa ndogo, zikawa punje mbili za komamanga, kisha weupe wa mji wa Saskatoon ukazimeza. Mahrokh alibaki mlangoni mwa bweni, mkono bado umeinuka, akisubiri mwaliko wa pili.

Haukuja.

"Twende kwetu shambani, Mahi," Brenna, mwenzake wa chumba, alikuwa amemwambia. "Likizo nzima. Mama ameshakutandikia kitanda."

"Hapana, asante, sitaki kuwasumbua," Mahrokh alijibu, na moyoni alikuwa ameshapanda gari.

Kwao, katika mji wa Yazd, ndivyo inavyosemwa. Mgeni mwenye adabu hukataa, mwenyeji humsihi. Hukataa tena, mwenyeji humshika mkono na kuapa kwa roho za wanawe, na hapo ndipo mgeni huingia, akiona haya. Hapana ya kwanza ni kubisha hodi tu. Lakini Brenna aliinamisha kichwa, akasema, "Haya, kama ndivyo upendavyo," akawasha gari. Ee adabu ya Yazd, umemponza mtoto wa watu!

Na bweni linafungwa leo. Mzee Doug, msimamizi, anazima mitambo ya joto, ghorofa moja baada ya nyingine.

"Una pa kwenda, binti?"

"Ninapo, usijali."

Heshima nyingine, uongo mwingine. Naye Doug akaamini! Huku watu huamini unachosema, jamani, huku neno ni neno. Baridi ilikuwa imeanza kupanda ukutani. Akampigia mama yake, akamsimulia mwaliko wa Brenna.

"Wamekusihi mara ngapi, roho yangu?"

"Hawakunisihi, mama."

"Watu gani hao! Basi usiende. Watakuona mlafi."

"Mama, baridi ya huku inaua."

Huko mbali, mtu alisikika akikoroga chai.

Kuomba ulichokwisha kukikataa! Mahrokh aliona afadhali avuliwe nguo sokoni. Alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Huko juu milango ilikuwa ikifungwa, mmoja, mwingine, mwingine. Kisha akapiga.

"Brenna, nataka kuja. Nilitaka tangu mwanzo. Sina pa kwenda."

"Sasa mbona ulisema hapana?"

"Nilikungoja uniulize tena."

"Mimi nilidhani hututaki." Sauti ya Brenna ilikuwa imelowa. "Nimelia njia nzima, mjinga wewe. Kaa hapo hapo."

Akakaa. Alipotoka nje, Doug akafunga mlango nyuma yake, akamtakia sikukuu njema. Theluji ikamjaa kwenye kope. Hakuna kilichoonekana barabarani, weupe tu juu ya weupe, akawaza kwamba labda amechelewa kujifunza.

Kisha punje mbili za mwanga, nyeupe safari hii, zikakua, zikammulika usoni hata akafumba macho. Brenna alishusha kioo, akafungua kinywa amkaribishe.

Mahrokh hakumngoja. Alifungua mlango mwenyewe, akaketi, akalia.