Ukimtafuta, Umemshtaki

Aristides aliondoka siku ya Alhamisi, kahawa nyingine ikiwa bado imeanikwa uani. Alikunywa uji amesimama, akaniambia niigeuze mchana na niifunike mapema, maana mawingu yalikuwa yanatoka ziwani. Magunia yalishatangulia jana yake. Sikumwuliza anakwenda wapi. Kijijini kwetu, karibu na Nshamba, kila mtu alijua kwamba kahawa ilikuwa na bei nzuri zaidi Uganda, na kwamba kuivusha ni kosa.

Jioni ya Jumatano alikuwa amebishana na kaka yake, Joackim, katibu wa chama cha msingi cha ushirika tunachotakiwa kukiuzia kahawa. Nilimpa Joackim kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa kila mgeni. Akaitia mdomoni, akaanza.

"Mdogo wangu, doria zimeongezeka. Uza chamani kama wenzako."

"Chamani naacha mzigo leo, nalipwa mvua ikirudi. Na kabla fedha haijanifikia, kila mwenye meza ameshamega."

"Makato hayo ndiyo yanajenga barabara unayopitia na magendo yako!"

"Barabara ipi? Ile iliyonivunjia spoki?" Aristides alicheka. "Nikipalilia, kahawa ni yangu. Nikipogoa, yangu. Ikiiva tu, inakuwa ya serikali. Mbona ndizi zangu nauza ninapotaka, na hajafa mtu?"

"Na yule aliyekununulia maua? Si ndilo hilo soko lako huria? Ulilia hapa hapa."

Alikuwa anazungumzia butura, kuuza kahawa ingali maua kwa sababu ya shida. Ikiiva, mnunuzi anavuna yote. Tulifanya hivyo mwaka ambao binti yetu Koku aliugua.

"Nililia," Aristides alisema, sasa hacheki. "Lakini yule alinipa fedha mkononi, mtoto akatibiwa. Chama kilinipa pole."

Joackim alitema makapi kiganjani, akanigeukia. "Jovina, mwambie mumeo." Kila mmoja nilimwona ana haki yake.

Ijumaa hakurudi. Jumamosi simu yake haikupatikana. Kila pikipiki iliyopita nilitoka uani kuitazama. Jirani alipouliza, nilisema Aristides yuko Bukoba, anang'oa jino. Ningesema amepotea, wangeuliza alipotea akienda wapi. Kama yu hai, mimi mwenyewe ningekuwa nimemtia pingu. Nilipika ndizi, mimi na Koku tukazitazama zikipoa.

Jumapili baada ya misa alikuja Hamidi, mfanyabiashara wa Kashai, mjini Bukoba, aliyekuwa akivusha kahawa na mume wangu. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye migomba, viatu vimejaa matope yaliyokauka.

"Shemeji, sikai. Hajafika?"

"Si mlikuwa pamoja?"

"Ijumaa tulikuwa tunavuka mto Kagera kwa mtumbwi, kunapambazuka. Tochi zikatumulika kutoka ng'ambo. Sijui askari, sijui wezi. Mwenye mtumbwi akajitupa majini, na mimi nikajitupa."

"Aristides hajui kuogelea."

"Nilidhani... mtu wa huku, ziwa hili hapa..."

"Sisi si watu wa ziwa, Hamidi. Sisi ni watu wa migomba."

Alijifuta uso kwa kofia. "Usiende polisi, waitu, nakusihi. Ukienda, mimi nimekwisha, na yeye akitokea anafungwa. Labda amejificha Uganda. Mpe wiki mbili."

Alipoondoka nilikaa chini pale pale. Kichwani niliwaona askari uani kwangu, wakimwaga kahawa kutoka kwenye magunia. Halafu nilimwona Aristides ameshika matete, mguu umevunjika, akiita. Wiki mbili. Niliogopa polisi, lakini mto niliuogopa zaidi.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Joackim. Nilidhani atasema, si nilimwonya? Hakusema. Alivaa koti akafunga vifungo vibaya, akafungua, akafunga tena. Yeye ni katibu wa chama. Jina lake nalo lilikuwa linakwenda kuandikwa polisi.

Kituoni askari aliuliza, "Alikuwa anakwenda wapi?"

Joackim alitazama sakafu. Niliomba maji. Nilipokunywa, nikasema, "Alikuwa anavusha kahawa."

Walimtafuta, hilo siwezi kulikana. Wavuvi wakishirikiana na polisi walimpata kwenye matete, mbali na kivuko, mto unakoteremkia. Tulimzika kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, upande wa kahawa za baba yake.

Matangani wanaume walianza tena ubishi ule ule. Mzee Mushumbusi alisema kwamba mpaka wa Uganda ungekuwa wazi, mtu asingepita mtoni kama mwizi na mali yake mwenyewe. Mwingine akamjibu kwamba mpaka ukiwa wazi, wenye fedha watatununulia maua yetu yote, na watoto watakula nini? Joackim aliinuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Nilimfuata na maji. Alikuwa analia bila sauti.

Hamidi hayuko Kashai, na simu yake haipatikani. Kahawa iliyokuwa uani polisi waliichukua kuwa kielelezo cha kesi ya magendo. Upelelezi haujaisha, na kwa kuwa ilikutwa kwangu, naripoti kituoni kila Jumatatu.