Wiki Mbili za Kisiwani

Dada yao mkubwa alikuwa mwalimu mkuu, na hata nyumbani aliongea kama anayehutubia wanafunzi mstarini. Siku hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama, akaegemeza mkoba wake kwenye miguu ya mama kama vile ni mto, akamwonyesha Kaka picha za kisiwa kwenye simu.

"Wiki moja tu," alisema. "Mimi na wewe, bila watoto, bila wageni. Kulala, kula, kuogelea. Tumechoka."

Kaka, mkandarasi wa majengo, alikubali kabla picha hazijaisha. Kisha wote wawili wakamgeukia mdogo wao, ambaye tangu utotoni walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama. Alikuwa amepiga magoti akimkata mama kucha.

"Wewe ndiye hodari wa kupanga," Dada alisema. "Tutafutie nyumba, boti, kila kitu. Mama utabaki naye, si umeshamzoea?"

"Akiuliza mmekwenda wapi?"

"Atauliza nini? Mama haelewi kitu siku hizi."

Mama alikuwa akimtazama usoni aliposema hivyo. Kiharusi kilimnyang'anya mkono, mguu na nusu ya ulimi miaka sita iliyopita, lakini akili hakikuigusa. Aliyelijua hilo ni Kitinda peke yake, maana ndiye pekee aliyekuwa na subira ya kungoja sentensi ya mama iishe.

Wakubwa walipoondoka, mama alihangaika na ulimi wake kwa muda mrefu.

"Eti mimi," alisema hatimaye. "Si... elewi."

Kitinda alikuwa bingwa wa kumeza. Alimeza alipoacha kazi kiwandani ili amhudumie mama, na akameza pale mchumba wake alipochoka kusubiri akaondoka. Lakini hili lilimkwama kooni.

"Mama," alisema, "unataka kwenda baharini?"

Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kesho yake akaanza kupiga simu. Alipata nyumba ya vyumba vitatu isiyo na ngazi, yenye bafu la kupitisha kiti cha magurudumu. Mwenye nyumba alikuwa nesi mstaafu, aliyeishi uani. Boti ilikwenda kisiwani mara moja tu kwa wiki, Jumamosi asubuhi, ikakaa nusu saa na kurudi. Kitinda alimwomba nesi arudie hiyo habari ya boti, akaiandika na kuipigia mstari. Akakodi wiki mbili mfululizo. Wakubwa zake aliwaambia juu ya ile ya pili tu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya mama. Kitinda na nesi walimsogeza na kiti hadi maji yakamfika vifundoni, na mguu mzima ukarusha maji kama wa mtoto. Mtandao wa simu ulipatikana kilimani tu, kwa hiyo kila alasiri Kitinda alipanda kutazama kama kuna aliyewatafuta. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya nne, hakuna. Nyumba ya mama ilikuwa imefungwa kwa kufuli wiki nzima, na wanawe wawili hawakujua. Kila aliposhuka kilima, huruma ilikuwa imempungua kidogo.

Ijumaa alimweleza mama mpango wote. "Ukikataa tunaondoka pamoja," alisema.

"Niache," mama alijibu. Kisha, baada ya muda: "Usiwaelekeze... vyote. Wani... ulize."

Kitinda akamtafuta nesi. "Mama akiwa hatarini, wasaidie. Wakichoka, waache wachoke."

"Nimeuguza wagonjwa miaka thelathini na tano," nesi alisema. "Watoto wa namna hiyo nawajua."

Jumamosi wakubwa waliteremka gatini na kofia mpya na miwani ya jua. Wakamkuta mama kwenye kiti chake, amevaa gauni lake zuri, akiwatazama.

"Hii ni nini?" Dada aliuliza.

"Mapumziko," Kitinda alisema. Akampa Kaka mfuko wa dawa, Dada mfuko wa nepi. "Dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, asipate vidonda. Uji uchujwe, vinginevyo atapaliwa. Mkitaka jambo jingine muulizeni mwenyewe. Mkimsubiri, anajibu."

"Huna akili wewe," Dada alisema. "Sisi tumekuja kupumzika."

"Najua. Mimi ndiye niliyewapangia."

Akainama, akambusu mama kwenye paji la uso, akapanda boti. Kaka alipiga hatua mbili kumfuata, lakini mama alikuwa amemshika shati kwa mkono wake mzima, na mkono huo ulikuwa na nguvu. Boti ilipogeuka, Kitinda aliwaona wote watatu wakipungua ukubwa. Hakuwapungia mkono. Moyo wake ulikuwa mtamu, mtamu kabisa, na hakuuonea aibu.

Jumamosi iliyofuata aliwapokea bandarini. Kaka alitembea kashika kiuno, na Dada hakuwa na kofia wala sauti ya mstarini.

"Ulitufanyia ukatili," alisema Dada.

"Siku saba, Dada. Mimi huu ni mwaka wa saba."

Kaka alitazama chini. "Uliwezaje peke yako?"

"Hukuwahi kuniuliza," Kitinda alisema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Mama akainua mkono, wakanyamaza. Walimsubiri wote, na Kitinda aliona kwamba Dada naye amejifunza kusubiri.

"Naenda kwa... mwalimu mkuu," mama alisema. "Miezi mitatu. Halafu kwa huyu." Akamwelekezea Kaka kidole.

Mama alikuwa akimtazama Dada vilevile kama siku ile ya picha za kisiwa, na safari hii Dada alikwepa macho yake.

Siku ya tatu mama akiwa kwake, Dada alimpigia Kitinda simu. Kitinda aliiacha ikaita mpaka ikakatika. Ilipoita tena, akapokea.

"Hataki kulala," Dada alisema. "Analalia upande gani?"

"Kulia. Mto katikati ya magoti."

"Asante. Na asubuhi je..."

"Muulize mama," Kitinda alisema, akakata simu.