Haimo Kitabuni

Hafsa alikuwa anageuza mihogo kwenye karai mbele ya kibanda cha video, karibu na stendi ya Kibiti. Ndani watu walisubiri mpira uanze. Nje, kwenye benchi la wateja, Mudy wa bodaboda na Yasmin msusi walikuwa wamenuniana kwa ajili ya msichana ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukutana naye.

Msichana huyo alikuwa mwigizaji wa Dar es Salaam. Kampuni ya filamu ilikuwa imetangaza kwamba ndiye atakayekuwa Malkia katika filamu ya Aliyeitwa na Maji, kitabu cha mwalimu Hilari. Kibiti nzima ilikijua kitabu hicho, hata wale ambao hawajasoma kitu tangu darasa la saba. Kinasimulia habari za mwanamke wa Kiongoroni, kule delta, anayesikia jina lake likiitwa kutoka chini ya maji. Anatabasamu, anavaa taji la makome, anashuka kwa miguu yake mwenyewe, na huko chini anatawala mikoko yote na mamba wake.

"Ukurasa wa pili tu," Yasmin alisema. "Mweusi, ana mwanya, ana kovu kidevuni. Huyu wao mweupe, meno yamebanana. Wametuona mabwege?"

"Jini ana rangi gani, dada Yasmin? Umeshawahi kumsuka?"

"Si jini. Mtu wa Kiongoroni yule."

Siti alikuwa amekaa mwisho wa benchi akiwasikiliza. Alikuwa mama yake Hafsa, na alizama Hafsa akiwa bado shule. Mwili wake haukupatikana, wakamsomea hitima bila maiti. Tangu kitabu kitoke alikuwa anakuja kila magharibi, maji ya chumvi yakimchuruzika kwenye khanga, mkononi ameshika kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo. Alikuwa mweusi, ana mwanya, ana kovu kidevuni. Watu walimwamkia, naye akaitikia. Aliyelalamika ni mwenye kibanda peke yake, kwamba benchi litaoza.

"Bi Siti, wewe unamwonaje huyo binti?" Mudy aliuliza.

"Mzuri," Siti alisema. "Ila mimi sikuitwa na maji, baba."

Alikuwa akisema hivyo kila jioni, na kila jioni mjadala uliendelea pale ulipoachwa.

Mashua aliyozama nayo ilikuwa ya Sadala, mfanyabiashara wa boriti za mikoko. Kule delta anayepanda juu ya boriti halipi nauli. Hupewa kopo afue maji, yaani ayachote yanayoingia na kuyamwaga nje, na hiyo ndiyo nauli yake. Siti alikuwa anakuja Kibiti kumwona mwanawe, amemfungia na kamba wabichi kwenye jani la mgomba. Mashua ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Ilipoanza kulalia upande, Siti alimwomba Sadala amwage boriti, maana kwa desturi mzigo hutangulia majini kabla ya mtu. Sadala alimwambia aongeze kasi ya kufua.

Baharia aliyenusurika ndiye aliyemsimulia Hafsa. Hafsa aliipeleka habari hiyo kwa kila mwenye meza na kiti, na wote walimwambia ni kazi ya Mungu. Sadala sasa ana nyumba ya vigae na amechangia saruji ya msikiti. Mwalimu Hilari naye alihadithiwa kisa chote, neno kwa neno, akila ubwabwa nyumbani kwa Hafsa. Alisema ni kisa kizito. Akaenda akaandika taji la makome.

Hafsa hakujali rangi ya Malkia. Alichotaka ni mashua ile ionekane, watu waione jinsi ilivyojazwa, hata kama ni kwenye pazia la filamu pale kibandani. Kwa hiyo usaili wa nafasi zilizobaki ulipotangazwa, alimpeleka mama yake.

Mwongozaji alikuwa kijana mstaarabu. Alimtazama Siti ana kwa ana, akamtazama tena kupitia kamera, akakiri kwamba anafanana kiasi, ila hana mvuto wa kimalkia. Halafu maji yake yangeharibu nyaya. Lakini yule binti wa Dar alikuwa anaogopa mamba, na walihitaji mtu wa kuzama kwa niaba yake. Sura ingebandikwa baadaye kwa kompyuta.

"Atazama," Hafsa alisema haraka. "Mama anajua kuzama."

Walipiga picha kule delta, Nyamisati. Sadala aliwaazima mashua, ileile, imepakwa rangi ya buluu, akakaa ukingoni kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli. Mashabiki walijaa toka asubuhi. Mwongozaji alimpokea Siti kopo lake, akamvika taji, akamweleza: unaitwa, unatabasamu, unashuka.

Kamera ziliwashwa. Mashua, ambayo haikuwa na mzigo wowote, ilizama mpaka ukingo wake ukagusa maji. Siti alikaa chini, akakusanya viganja, akaanza kufua. Alichota, akamwaga nje, akachota tena.

"Sadala, mwaga boriti," alisema. Mashua ikalala, naye akaenda chini.

Alitokea upande wa pili wa mikoko, akarudi akitembea, akapanda tena. Mwongozaji alimkumbusha tabasamu. Mashua ikazama mpaka ukingo, Siti akafua, akamwomba Sadala amwage boriti, akaenda chini. Ilikuwa hivyo mpaka jua likawa kichwani. Sadala alikuwa anasoma kitu kwenye simu yake. Hafsa alisimama kwenye tope, akiangalia mama yake anakufa, anarudi, anakufa, na kila mara alijiambia kwamba safari hii kuna mtu atasikia.

Wa kwanza kupaza sauti alikuwa Yasmin.

"Hiyo haimo kitabuni!"

"Haimo kabisa," Mudy alisema. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana tangu mjadala uanze, na ukingo mzima uliwaunga mkono.

Hafsa alimfuata mwalimu Hilari, aliyekuwa amekaa na wageni.

"Mwalimu, waambie ilivyokuwa. Wewe unajua."

"Najua, mdogo wangu," Hilari alisema, na kwa kweli alionekana ana huruma. "Lakini wasomaji wameshaizoea hii nyingine. Wanaipenda."

Hafsa alilia kwa hasira, akakaa chini. Mwongozaji alisema zimetosha, zilizobaki watarekebisha Dar.

Filamu ililetwa kibandani baada ya mavuno ya mpunga. Sadala aliwekewa kiti chenye mto mbele kabisa, na jina lake lilitangulia katika shukrani. Siti alikuwa mahali pake, mwisho wa benchi, ambalo safari hiyo liliingizwa ndani. Hafsa alisimama mlangoni.

Pazia lilimwonyesha Malkia mweupe, taji kichwani, meno yamebanana, anatabasamu. Mashua ilikuwa imefutwa. Mikono tu ndiyo ilikuwa imewashinda kuirekebisha. Malkia alishuka kwenye ufalme wake akichota maji kwa viganja na kuyamwaga pembeni, akichota na kumwaga, mpaka kichwa kikafunikwa.

"Anawaita majini," Mudy alisema.

"Majini wapi? Anatuaga," Yasmin alisema. "Na bado nasema walikosea, angekuwa mweusi ningelia."

Mwalimu Hilari alisema ni ishara, kila mtu aitafsiri anavyoona. Alionekana ameridhika.

"Anafua maji," Hafsa alisema kutoka mlangoni.

Mudy aligeuka. "Haimo kitabuni, dada Hafsa," alimwambia kwa upole.

Sakafu ilikuwa imeanza kuloa. Maji ya Siti yalipita chini ya mabenchi, yakafika safu za mbele, yakapanda vidole. Watu walivua kandambili na kupandisha miguu bila kuondoa macho kwenye pazia. Mtu mmoja aliomba ile sehemu ya kuzama irudishwe, wakate ubishi, ikarudishwa.

Siti aliinama na kopo lake, akaanza kufua. Alimpa Hafsa, Hafsa akamwaga nje, akamrudishia.

Maji yalipofika kwenye mto wa kiti, Sadala, bila kugeuka, alimwambia Siti aongeze kasi.