Mapigo Manne Nyuma

...kachelewa, mapigo manne mazima, baba yangu aliyewahi kunifinya sikio kwa kuchelewa pigo moja, leo kachelewa yeye, na mimi niko huku nyuma ya kioo cha studio, kidole juu ya kitufe, nikibonyeza tu kurekodi kumekatika, na kukikatika ndiyo basi, hana pumzi ya kuurudia wimbo mzima huu wa bluzi, tangu wamtoe kipande cha pafu kila wimbo anaupiga mara moja, nyimbo saba za zamani zimeshaingia kwenye albamu, hii ndiyo ya mwisho, "Simamisha," mtayarishaji ananiambia begani, "mzee kapotea, kesho namleta mpiga saksafoni mwingine aimalizie," na asubuhi mama kanishika mkono, mwambie wewe mwanangu, mwambie aache kupiga sasa, mimi hanisikii kabisa, nikamwapia kuwa namwambia leo leo, maneno nimeshayapanga, baba, umepiga vya kutosha... lakini ngoja, mbona wenzake hawakushtuka, piano haikukimbilia mbele, besi imezunguka palepale, na Kobe, mpiga ngoma wetu asiye na haraka hata ya kula, kafumba macho anapapasa toazi kwa brashi, hakuna aliyemtazama mwenzake, wote watatu wamemngoja, yarabi, wamemngoja kama anavyongojwa mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, na baba kaingia na noti moja, moja tu, zamani angemwaga ishirini, "Umenisikia lakini?" mtayarishaji tena, nimekusikia bwana, ila nasikia na kingine, napandisha maikrofoni yake, pumzi inaingia ikikwaruza, vidole vinagonga funguo za saksafoni, noti, kimya, noti tena, naogopa hata kumeza mate, miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kiti hiki nikiwinda makosa yake, ndiyo kazi yangu, nikajiona namjua nje ndani, kumbe baba yangu sijawahi kumsikia, pale pumzi inapomwishia ndipo anaponyamaza, na akinyamaza wenzake wanaukanyaga huo ukimya polepole, kama wameingia chumba alicholala mtoto, "Basi nasimamisha mwenyewe," mkono wa mtayarishaji unapita mbele yangu, nauzuia kwa kiwiko, hata simtazami, nisamehe mama, najua nimekuapia, lakini baba anavuta pumzi nyingine pale, mabega yanapanda, bado anatafuta noti, na mtu anayejua kunyamaza namna hii, mimi nani nimwambie anyamaze...