Sekunde Ishirini za Tomiko

Fumie Okazaki alikuwa na miaka minne wimbi kubwa la bahari lilipoingia mji wetu wa Hilo likamchukua mama yake, duka lao la tambi, na kila picha iliyokuwa ukutani. Baba aliyemlea hakupenda maswali. Fumie akazeeka akiwa na jina la mama tu, Tomiko, bila sura.

Kila Jumanne mchana huja Mokihana, jumba letu la zamani la sinema katikati ya mji. Mimi humkatia tiketi mlangoni. Februari iliyopita Makoa, mwonyesha filamu wetu, alikuwa akisafisha stoo ya nyuma ya jukwaa akakuta kopo lenye kutu. Ndani mlikuwa na mikanda ya matangazo ya maduka ya mtaani, ya mwaka mmoja kabla ya wimbi. Moja lilikuwa la duka la Okazaki, sekunde ishirini tu.

"Shangazi, leo kaa mbele," Makoa alimwambia; ndivyo sote tunavyomwita.

"Nivunjike shingo? Daktari utamlipa wewe?"

"Kaa tu, Shangazi. Nakuomba."

Nilikaa naye. Taa zikazimwa. Filamu haikuwa na sauti. Mwanamke kijana mwenye aproni aliinua tambi kwa vijiti, mvuke ukamficha uso, kisha ukatawanyika. Akamgeukia mtu asiyeonekana, akasema neno, akacheka.

"Nani huyo?" Fumie aliniuliza. Kisha akasoma jina la duka kwenye mlango nyuma ya yule mwanamke, akanibana mkono hadi ukaniuma.

"Rudisha, Makoa!"

Akarudisha.

"Kasema nini? Anamwambia nani?"

Akahesabu kwa vidole.

"Nilikuwa na miaka mitatu," alisema. "Labda nilikuwa pale chini, miguuni pake. Makoa, tena!"

"Shangazi, mkanda umekauka, utakatika!" Makoa aliita kutoka kidirishani juu. Kisha akaanza kuurudisha. "Haya. Mara ya mwisho."

Fumie akapanda jukwaani polepole. Mama akatokea, mrefu kuliko nyumba. Fumie akanyoosha mkono amguse shavu, kivuli chake mwenyewe kikamfunika mama. Akaruka kando kama aliyemkanyaga mtu. Akabaki pembeni, mikono nyuma, hadi skrini ikawa nyeupe.

Makoa alishuka akijifuta macho. "Nitakuwekea kwenye simu, Shangazi, umwone kila siku."

"Kwenye simu Mama atakuwa mdogo," alisema Fumie. "Mtoto ni mimi."

Akashuka, akarudi kitini, akamwambia Makoa aanzishe filamu ya siku hiyo, watu wanasubiri nje.