Springi za Bi Sabaha

Tangu avunjike nyonga, Bi Sabaha alikuwa amepanda gari mara mbili tu, ya kwenda hospitali na ya kurudi. Ya kurudi ndiyo iliyomkomesha. Kutoka Upanga mpaka Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, si mbali hata kidogo, lakini kila shimo lilimpanda kutoka kiunoni hadi kwenye meno. Alipofikishwa kwa binti yake Somoe, aliapa kwamba gari na yeye basi tena.

Miaka miwili ikapita. Mwanamke aliyekaanga samaki kwenye soko la Feri kwa miaka kumi na tisa, aliyejulikana na kila mvuvi, sasa alishinda uani akichambua mchele na kumsumbua kila aliyerudi na samaki.

"Huyu macho yamezama," alikuwa akisema. "Nani kakuuzia?"

Uani hapo ndipo mkwewe Uwesu alipokuwa na gereji yake. Mchana alikuwa fundi katika karakana ya serikali. Jioni alifanya kazi zake chini ya kibanda cha mabati, kwa jiko la mkaa, mvukuto, na kipande cha reli alichokigeuza fuawe. Mwaka huo wa 1981 spea zilikuwa hazionekani madukani, na Uwesu alisifika kwa kukifanya cha gari hili kikae kwenye gari lile. Yeye mwenyewe alikuwa na pikapu moja kuukuu aina ya Pijo, ngumu kama mkokoteni.

Jioni moja alikuja kuchuchumaa mbele ya mama mkwe.

"Mama, nikikutengenezea gari lisilotikisa, utapanda?"

"Gari lisilotikisa ni kitanda, baba."

"Basi nitakutengenezea kitanda chenye usukani. Twende wapi?"

Bi Sabaha alitaka kumfukuza kwa utani, lakini neno likamponyoka kabla hajajizuia. "Feri," alisema, kisha akainamia mchele wake asionekane uso.

Kesho yake Uwesu alifungua springi za nyuma, akazilaza sakafuni. Kila upande ulikuwa na bamba saba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, kwa sababu gari lile liliundwa kubeba magunia, si mama wa watu. Akatoa bamba tatu kila upande, akafunga zilizobaki. Bi Sabaha akapandishwa mbele, juu ya mto. Hawakumaliza mtaa. Kwenye shimo la kwanza tumbo la gari liligonga ekseli kwa kishindo, naye akamshika Uwesu sikio.

"Nirudishe," alisema.

Uwesu alirudisha bamba moja kila upande. Safari hii alizichonga ncha kwa tupa mpaka zikawa nyembamba, na katikati ya bamba na bamba akatia vipande vya mpira wa tairi ili chuma kisikwaruzane na chuma. Kazi hiyo ilimla siku nne. Bi Sabaha alihamishia kigoda chake karibu na kibanda, eti kule kwingine jua lilikuwa kali.

Jaribio la pili walizunguka mitaa miwili. Somoe aliwangoja mlangoni.

"Vipi, mama?"

"Shimo silisikii," alisema Bi Sabaha taratibu. Alikuwa bado amekaa ndani ya gari, amefumba macho, kama anayeonja mchuzi. "Kinachoniumiza ni baada ya shimo. Likishapita, gari linaendelea kunesa peke yake, juu, chini, juu, chini. Mwambie mumeo huko nyuma kuna kitu kilichotakiwa kulituliza, nacho kimekufa."

Uwesu alichukua spana. Kisha akaingia chini ya gari, akatoka na shokomzoba zote mbili mkononi. Alizivuta na kuzisukuma. Zilienda na kurudi bure kabisa, hazina mafuta hata tone.

"Wiki nzima nahangaika na springi," alisema, "na aliyelijua gonjwa amekaa hapa anachambua mchele."

"Hukuniuliza," alijibu mama mkwe, lakini siku ile nzima alikuwa na bashasha isiyo kifani.

Shokomzoba mpya zisingepatikana. Uwesu alizifungua za zamani, fundi viatu wa jirani akamkatia vikombe vya ngozi vya kuzuia mafuta, wakajaza mafuta mazito, wakafunga.

Jumapili waliondoka asubuhi mapema, maana wakati ule magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kubana petroli. Bi Sabaha alivaa khanga mpya. Mashimo yalikuja, gari likainama, likainuka mara moja, likatulia. Walipofika Mnazi Mmoja aliachia kishikio cha mlango. Walipofika Posta alikuwa akimsimulia Uwesu habari za harusi yake.

Feri, aliyemwona kwanza ni Selina, aliyekaa naye jiko kwa jiko miaka yote ile. Alitua karai, akaja mbio na mikono imejaa unga.

"Sabaha, walituambia hutoki tena."

"Waliokwambia hawana mkwe fundi."

Wakakumbatiana dirishani, wote wawili wakilia na kucheka, mpaka khanga mpya ikawa nyeupe. Wakaangaji wengine wakazunguka gari. Mmoja akaleta jiko, akaliweka karibu na mlango ulio wazi, na Bi Sabaha, akiwa kitini pake, akakaanga vibua karai zima huku akiwagombeza waliokuwa wanakata samaki vibaya. Wateja wakapanga foleni. Uwesu alikaa nyuma ya pikapu, akala vitatu, akasahau saa.

"Saa saba na nusu," Selina akawashtua.

Waliondoka kwa haraka, gari likinukia samaki, nao wakaingia uani dakika tano kabla ya saa nane. Somoe alifungua mlango amshushe mama yake, ila Bi Sabaha hakusogea.

"Ngoja kwanza. Huku kulia kuna kijimlio," alisema. "Uwesu, ingia chini, nikuelekeze."

Uwesu alikwisha kulala chali chini ya gari.